Upande Mrefu wa Skafu

Kila siku nikitoka shule, kabla hata ya kuvua sare, nilinawa mikono mara mbili kwa sabuni. Mara ya kwanza ilikuwa ya vumbi, mara ya pili ilikuwa ya Bibi. Bibi alikuwa fundi wa nguo, na kitambaa cheupe hakisitiri kitu. Kidole kimoja chenye wino kilitosha kuharibu kazi ya asubuhi nzima. Alivishika viganja vyangu, akavigeuza huku na huku, akavinusa, ndipo akaniruhusu kuingia chumba cha mbele.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo. Cherehani ilikaa dirishani, na meza ya pasi ilisimama ukutani, imevikwa blanketi kuukuu na shuka safi juu yake. Pasi yetu ilikuwa ya mkaa, nzito kama mtoto mchanga, na ilitaka kubembelezwa kama mtoto mchanga. Ulitoka nayo mlangoni, ukapuliza majivu, ukapangusa uso wake kwa kitambaa kibichi, ukaijaribu kwenye kipande kisicho na kazi. Ndipo ukathubutu kuisogeza kwenye nguo ya mtu.

Mimi waliniita Upepo. Nilikula haraka, niliandika haraka kwa mkono wangu wa kushoto, nilifua haraka mpaka soksi zikaanikwa zikiwa bado na povu. Bibi hakujisumbua kuniambia haraka haraka haina baraka. Alisema angefika kwenye "haina" mimi nimeshatoka nje.

Kazi aliyonifundisha ilikuwa ya pindo jembamba. Unakunja ukingo wa kitambaa nusu sentimita, unapiga pasi, unakunja tena nusu sentimita, unapiga pasi, ndipo pindo linakwenda kwenye cherehani. Ukisikia hivyo utadhani ni mchezo. Basi jaribu kukunja nusu sentimita ile ile kutoka mwanzo wa kitambaa hadi mwisho wake, bila kupanuka mahali na kusinyaa mahali, uone kama vidole vyako vinakutii.

Bibi alikuwa na kipande cha kadi ngumu alichokichorea mstari kwa wino. Kadi ililazwa juu ya kitambaa, ukingo ukakunjwa juu yake mpaka kwenye mstari, pasi ikawekwa, ikainuliwa, kadi ikachomolewa na kusogezwa mbele. Kisha unangoja pindo lipoe kabla ya kulitikisa.

"Pasi ikanyage, isitembee," alikuwa akisema. "Ukiiburuza, inakivuta kitambaa. Na kitambaa kikivutwa kinakasirika."

Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu. Miwani ilifungwa kwa mpira nyuma ya kichwa, na uzi kwenye tundu la sindano nilimtilia mimi. Lakini kidole gumba chake cha kulia hakikuhitaji miwani. Alikipitisha juu ya pindo na kukuambia pale lilipopanuka kwa unene wa uzi mmoja. Hakuwahi kumwuliza mtu kama kazi yake imenyooka. Alijua.

Mwaka nilipokuwa na miaka kumi na miwili, mwalimu wa kwaya wa shule yetu alimletea kazi ya skafu nyeupe thelathini na sita. Zingevaliwa siku ya mashindano ya shule. Kama zingependeza, Bibi angepewa pia kushona majoho ya kwaya nzima, kazi ya miezi mitatu. Bibi alifurahi waziwazi. Alisema tangu mafundi wenye cherehani za umeme wajae mjini, hakuna aliyemletea kazi ya kusimamisha watu na kutazamwa.

Skafu zilikuwa za pembe tatu. Bibi alichukua kitambaa cha mraba, akakikata kutoka kona hadi kona, akapata mbili. Kila moja ilikuwa na pande mbili fupi na upande mmoja mrefu. Alinishikisha upande mfupi, akaniambia nivute. Haukwenda popote. Akanishikisha ule mrefu, uliokatwa mshazari, nikavuta, ukanyumbuka kama mpira.

"Umeona? Pande fupi zinafuata nyuzi, hazina ukorofi. Mpaka wewe unaziweza," akanitania. "Upande mrefu usiuguse. Huo ni wangu."

Tukagawana hivyo. Mimi nilipiga pasi pande fupi baada ya shule, yeye alipiga pande ndefu asubuhi, wakati nikiwa darasani.

Ijumaa ile nilimkuta amejilaza chumba cha pili na kitambaa kibichi kwenye paji la uso. Kichwa kilikuwa kinamgonga tangu saa tano.

"Pande ndefu zimebaki kumi na moja," akaniambia akiwa amefumba macho. "Nitazimalizia kesho mapema. Wewe maliza pande fupi, umwage mkaa, ukacheze."

Nilimaliza pande fupi. Mkaa ulikuwa bado mwekundu. Nje, dirishani, akatokeza kichwa jirani yangu wa dawati, msichana tuliyemwita Kinanda kwa sababu ya sauti yake. Ndiye aliyeongoza nyimbo kwenye kwaya.

"Upepo, kuna kamba mpya ya kuruka! Wanakusubiri wewe tu!"

"Nakuja sasa hivi."

"Sasa hivi yako au sasa hivi ya Bibi yako?"

Nikacheka. Nikazitazama zile skafu kumi na moja. Nikafikiri, nikizimaliza leo, kesho Bibi ataanza kushona asubuhi na mapema, na mimi nitakuwa huru Jumamosi nzima. Hayo ndiyo niliyofikiri. Nisijipambe kwamba nilitaka kumsaidia mgonjwa. Mgonjwa aliniambia nikacheze.

Kadi niliiacha mezani. Nilikunja kwa vidole, nikaishika pasi kwa mkono wangu wa kushoto, nikaiburuza kutoka kona hadi kona. Sikungoja pindo lipoe. Skafu moja iliyomchukua Bibi robo saa mimi niliimaliza kwa dakika mbili. Juu ya meza, zikiwa moto, zilionekana zimelala vizuri kabisa, hata nikajiuliza Bibi anajichosha kwa nini. Nikazichomeka katikati ya furushi la zilizokwisha, nikamwaga mkaa, nikakimbilia kwenye kamba.

Niliporudi, jua likiwa limeshuka kidogo, Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti chake, furushi mapajani.

"Zile za pande ndefu ziko wapi?"

"Zimeisha, Bibi."

"Zimeisha?" Alihesabu furushi zima kwa vidole. Thelathini na sita. Akapapasa mbili tatu za juu, ambazo zilikuwa zake, akakuta ziko sawa. "Kumbe nilizimaliza asubuhi! Hee, uzee huu! Na mimi nilikuwa tayari kuapa kwamba zimebaki kumi na moja."

Akacheka, akajipiga kofi la paja. Nami nikacheka.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Maneno yalikuwa mawili tu: ni mimi. Lakini alikuwa amenikataza upande mrefu, na nilijua angeniketisha chini nifumue zote. Yeye mwenyewe alikuwa ameshapata jibu, na jibu lake halikunigharimu kitu. Nikanyamaza kama maji ya mtungini.

Jumamosi aliketi kwenye cherehani. Alipofika katikati ya furushi nilimwona anasita. Alipitisha kidole gumba juu ya pindo, akakirudisha, akakipitisha tena.

"Mbona kitambaa leo kinanikimbia?" akasema. Akaitia cherehani mafuta, akajaribu tena, akaguna. "Labda ni kichwa hiki bado hakijatulia."

Siku nyingine angefumua bila kuuliza. Siku ile alikuwa ameshajikuta amesahau skafu kumi na moja nzima, na mtu aliyejikuta amesahau hagombani tena na kidole chake. Akashona mpaka mwisho. Zilipokunjwa na kufungwa kwa uzi zilionekana sawa, naye akanituma nizipeleke shuleni.

Siku ya mashindano uwanja ulijaa. Kwaya yetu ikapanda jukwaani, safu tatu, wote wamevaa skafu. Nikaziona kabla mtu mwingine hajaziona. Ishirini na tano zilitulia shingoni. Kumi na moja zilikuwa zimejikunja ukingoni, zimepanda huku na kushuka kule, kama majani ya kabichi. Kinanda, aliyesimama mbele kuliko wote, alikuwa na mojawapo.

Nyuma yetu walikaa wanafunzi wa shule nyingine. Mmoja wao akasema, bila hata kushusha sauti, "Hiyo ni kwaya au kabichi?"

Kicheko kikapita kutoka kiti hadi kiti. Kinanda akakisikia. Akapeleka mkono shingoni kulazimisha ukingo ulale, ukakataa. Akaupeleka tena, na wimbo ukampita. Alipoanza, wenzake walikuwa wameshamtangulia ubeti. Hatukupata nafasi yoyote siku ile.

Nilimkuta nyuma ya jukwaa amekaa juu ya tofali, skafu ameivua, analia.

"Bibi yako amezeeka," akaniambia. "Si angesema tu kwamba haoni? Tungepeleka kwingine."

Nilitazama chini. Nikamwambia pole.

Jumatatu jioni mwalimu wa kwaya alikuja nyumbani na mfuko. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliokata zaidi. Alimwamkia Bibi shikamoo, akauliza habari za kichwa, akaketi, akanywa maji. Kisha akazitoa skafu kumi na moja na kuziweka mezani.

Bibi akaichukua ya kwanza, akapitisha kidole kwenye upande mrefu. Uso wake ukabadilika.

"Hii ni kazi yangu?"

"Zilitoka kwenye furushi lako, Bibi."

"Ni kazi yangu hii?" akauliza tena, lakini sasa hakuwa akimwuliza mwalimu.

"Majoho tutampa fundi mwingine," mwalimu akasema. "Si kwa ubaya, Bibi yangu. Umeshonea mji huu mzima. Sasa pumzika, uwaachie vijana wahangaike."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la maji. Mwalimu alipotoka alinigusa kichwa akasema, "Mtunze Bibi yako." Nikajibu, "Ndiyo, mwalimu."

Mama, aliyefanya kazi kwenye chumba cha kufulia shuka hospitalini, alimpeleka Bibi kwa daktari wa macho wiki ile ile. Walirudi mchana, na Mama alikuwa anatabasamu.

"Macho ya Bibi ni yale yale ya mwaka jana," akanieleza. "Daktari anasema hata miwani haina haja ya kubadilishwa."

Bibi hakutabasamu. Alijishusha kitini taratibu.

"Ningefurahi kama angesema yameharibika," akasema. "Macho yana miwani. Kichwa kina nini?"

"Mama, usiseme hivyo," Mama akamsihi.

"Nisemeje? Nilisema zimebaki kumi na moja, kumbe nimeshazipiga pasi. Na nilivyozipiga ndivyo mlivyoona. Nimefanya kazi na sikumbuki kama nimeifanya. Marehemu mama yangu alianza hivi hivi."

Tangu siku ile Bibi alibadilika, na nilimtazama akibadilika siku baada ya siku, jambo ambalo mpaka leo sijajisamehe. Jirani alileta gauni la kupunguza urefu, kazi ya nusu saa. Bibi alilikunja, akalifumua, akalikunja, akalifumua tena, mwisho akalirudisha, akasema hajisikii vizuri. Aliacha kwenda sokoni peke yake. Alifunga mlango, akarudi kuutikisa, akarudi tena.

"Upepo, nimezima jiko?"

"Umezima, Bibi."

"Nimekunywa dawa?"

"Umekunywa, Bibi. Nimekuona."

"Asante, mjukuu wangu." Alinishika mkono. "Sasa wewe ndiwe kichwa changu. Afadhali wewe hujawahi kunidanganya."

Nilijiambia nitasema kesho. Kesho nikajiambia nitasema keshokutwa. Kadiri nilivyongoja ndivyo lile jambo la dakika mbili lilivyozidi kuwa zito kuliko ile pasi.

Wiki ya tatu Bibi akatangaza kwamba cherehani aichukue mke wa mjomba, aliyekuwa anajifunza kushona. "Chombo kisichofanya kazi kinaliwa na kutu," alisema. Mama alimsihi, akachoka, akakubali. Mke wa mjomba angekuja Jumamosi na mkokoteni.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Bibi anaipangusa cherehani. Alipangusa gurudumu, akapangusa miguu, akapangusa hata sehemu za chini ambazo hakuna mtu angezitazama. Hakulia. Alikuwa anaifanya kazi ile vizuri kabisa, kama alivyofanya kila kazi, na alikuwa hajui kwamba anaifanya vizuri.

Mke wa mjomba akafika. Akasalimia, akaamkia, akashika upande mmoja wa cherehani. Mama akashika wa pili.

"Ni mimi!" nikasema.

Wakageuka wote.

"Zile skafu kumi na moja ni mimi niliyezipiga pasi. Ijumaa ile, Bibi ulipolala. Hukuzimaliza asubuhi. Ulikumbuka sawasawa."

Nilitegemea kofi. Nilitegemea Bibi apige kelele. Badala yake alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniumiza kuliko kofi.

"Njoo hapa," akasema, akanivuta karibu. "Najua unanionea uchungu. Lakini usijisingizie ili unifurahishe. Uongo wa huruma nao ni uongo."

"Si uongo, Bibi!"

"Kama ni wewe, ungekaa wiki tatu unanitazama hivi?" Alitikisa kichwa. "Wewe si mtoto wa namna hiyo."

"Mwache Bibi yako," Mama akasema kwa ukali. "Usimchanganye zaidi."

Basi hapo ndipo nilipofikishwa na ulimi wangu uliolala. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nasema kweli, na kweli yangu haikuwa na mnunuzi.

Nikatoka nje, nikawasha mkaa. Mke wa mjomba akauliza huyu mtoto ana nini. Pasi ilipopata moto niliipuliza majivu, nikaipangusa, nikaileta ndani. Nikachukua kipande cha kitambaa cheupe kilichosalia, nikakikata kutoka kona hadi kona. Nikakunja kwa vidole, bila kadi, nikaiburuza pasi kwa mkono wangu wa kushoto, mara ya kwanza, mara ya pili. Nikakichukua kikiwa bado moto nikampa.

"Pitisha kidole, Bibi. Kisha upitishe kwenye zile."

Mfuko wa mwalimu, wenye zile skafu, ulikuwa bado unaning'inia msumarini. Mama akautungua, akampa Bibi skafu moja. Bibi akailaza juu ya goti moja, kipande changu juu ya goti la pili. Kidole gumba kikapita hapa, kikapita pale. Kikarudi. Akachukua skafu ya pili, ya tatu, ya nne.

"Mawimbi yote yamelalia upande mmoja," akasema mwishowe, polepole. "Yamesukumwa kutoka kushoto." Akainua uso. "Humu ndani nani mwingine anashika pasi kwa kushoto?"

Mke wa mjomba akauachia upande wake wa cherehani.

Bibi akasimama. Alikata kipande kingine, akaitafuta ile kadi kwenye saraka, akaenda mezani. Mkono wake ulitetemeka alipoinua pasi. Akaiweka, akaiinua. Akasogeza kadi. Akaiweka, akaiinua. Alipomaliza alisubiri kipoe, akakishika kwa kona mbili na kukining'iniza mbele ya dirisha. Kilinyooka kama rula. Akakata kingine. Alifanya vitano, kimoja baada ya kingine, bila kumtazama mtu, na kufikia cha tatu mkono ulikuwa umetulia.

Kisha akaiweka pasi juu ya kikalio chake.

"Nilikumbuka kwamba zimebaki kumi na moja."

"Ndiyo, Bibi."

"Nikasema kwa mdomo wangu. Ukanisikia."

"Ndiyo, Bibi."

"Nikajicheka uzee. Na wewe ukacheka."

Hapo nilianza kulia, na Bibi hakunibembeleza. Mama alisema neno moja tu, "Kikulacho ki nguoni mwako," akatoka kumsindikiza mke wa mjomba na mkokoteni mtupu. Siku tatu zilizofuata hakunisemesha ila kunituma.

Adhabu yangu haikuwa fimbo. Nilifumua skafu zote kumi na moja, mshono kwa mshono, kwa ncha ya sindano. Nilizilowesha, nikazilaza juu ya shuka zijivute na kurudi, nikazipiga pasi mbele ya Bibi kwa kadi, kukanyaga na kuinua. Akiona nimeongeza mwendo alikohoa. Saba zilirudi katika umbo lake. Nne zilikuwa zimevutika kupita kiasi. Tulizikata upya, zikawa ndogo, za kuvaliwa na watoto wa safu ya mbele tu.

Nilizipeleka mwenyewe. Bibi aliagiza nimwambie mwalimu wa kwaya mbele ya kwaya nzima, si pembeni, kwa sababu yeye hakuaibishwa pembeni. Nikajikaza kisabuni, nikasema yote. Wengine walicheka. Tangu siku ile jina la Upepo likafa, nikaitwa Kabichi mpaka namaliza shule. Kinanda hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, na kesho yake akamwomba mwalimu wa darasa ahamie dawati lingine. Hatukugombana. Hakurudi tu.

Mwalimu wa kwaya alikuja nyumbani siku ile ile niliyokiri, kofia mkononi, akamwomba Bibi radhi. Majoho hayajaanza kukatwa, akasema, na kazi ni ya Bibi kama bado anaitaka. Bibi alimjibu kwamba anaitaka, ila amletee kitambaa cha kutosha, asimletee kipande cha kumjaribia. Wakacheka wote wawili. Cherehani ikabaki dirishani, na miezi mitatu iliyofuata chumba cha mbele kilijaa majoho.

Ningependa kuishia hapo, lakini ningekuwa nadanganya tena.

Bibi alirudi kazini, akaenda sokoni peke yake, akaacha kuniuliza habari za jiko na dawa. Jambo moja halikurudi. Kila alipomaliza pindo alilinyoosha juu ya goti, akapitisha kidole, kisha akanigeukia mimi.

"Pamenyooka?"

Yeye, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kumwuliza mtu. Nilivumilia wiki nyingi. Siku moja, tukiwa kwenye joho la mwisho, nilishindwa.

"Bibi, mbona unaniuliza? Unajua mikono yako haikukosea. Unajua ilikuwa mimi."

Aliivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga yake.

"Kujua najua," akasema. "Lakini wiki tatu nilikiambia kidole hiki kwamba kimekufa. Nilikiambia mimi mwenyewe, na kikanisikia. Sasa nakiambia ni kizima, hakiniamini kama zamani." Alisema bila hasira, na hilo lilikuwa gumu kulisikiliza. "Sikiliza, mjukuu wangu. Uongo si lazima uutamke. Mtu akijidhania vibaya mbele yako, na wewe unaijua kweli, ukanyamaza, umemdanganya. Tena huo ni mbaya kuliko wa mdomo, maana anayedanganywa anajisemea mwenyewe, kwa sauti yake, na sauti yake ndiyo anayoiamini kuliko zote. Uliposema, ulinirudishia kazi yangu, na kwa hilo nakushukuru. Ungesema mchana ule ule, usingekuwa na kitu cha kurudisha. Kweli isemwe ikiwa bado changa. Ikikomaa, hata ukiisema, haiponyi yote."

Nikasema nisamehe, Bibi. Akasema alikwisha kunisamehe zamani. Kusamehe si kazi ngumu kwa bibi. Kisha akavaa miwani, akalinyoosha lile pindo juu ya goti.

"Haya. Pamenyooka?"

Niliinama, nikalifuata pindo lote kwa macho, bila haraka. Nilitamani sana kumwambia pamenyooka. Lakini karibu na kona palikuwa pamepanuka, kidogo tu, kwa unene wa uzi mmoja.

"Hapa pamepanuka, Bibi."

Alipapasa pale nilipomwonyesha. Akaguna, akachukua sindano, akaanza kufumua.